Lenzi ya Jicho Haina Damu: Yaishi Namna Gani?

Jioni moja mezani, mwanafunzi mmoja wa falsafa alitoa katika jicho la mukeke kipira kidogo cheupe, kigumu sawa jiwe, akakiweka pembeni ya sahani. Akauliza: «Padri, hiki ni kitu gani? Kila mara twakikuta, wala hakuna anayekila.» Tukamjibu kwamba ndiyo lenzi ya jicho, ile ambayo katika vitabu vyetu vya Kifaransa yaitwa cristallin. Hakusadiki. Kesho yake tuliomba mpishi atupe kichwa cha samaki mbichi, tukapasua jicho mbele ya darasa. Kipira kilitoka kile kile, lakini safari hii kilikuwa safi sawa tone la maji, na tulipokiweka juu ya gazeti, herufi zilionekana kubwa kupita zilivyo. Ni moto wa jikoni tu uliokigeuza kuwa cheupe, kama vile ugeuzavyo ute wa yai.

Wanafunzi walicheka. Lakini yule wa kwanza alikigeuza kipira kile mkononi, akauliza tena: «Padri, sioni mshipa hata mmoja. Kama hakina damu, nani anakilisha?» Swali hilo lilitufunga kinywa siku ile. Tumesoma tangu hapo, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa ajili ya wanafunzi, lakini zaidi kwa ajili ya makatekista, juu ya mtoto mmoja tutakayemtaja mbele.

Kwanza tutazame lenzi yenyewe. Katika mtu mzima ina upana wa milimeta 9 au 10 hivi, na unene wa milimeta 4 au kupita kidogo. Yakaa nyuma ya kitobo cheusi cha jicho, yaani mboni. Ninyi mliosoma Kilatini mwajua kwamba lens, lentis, ni dengu, ile mbegu ndogo iliyo bapa. Jina lafaa, maana lenzi ya mtu ina umbo hilo hilo. Ya samaki ni mviringo kabisa, kwa kuwa samaki huona ndani ya maji, nayo maji hudai lenzi yenye nguvu zaidi.

Kazi yake ni kupitisha nuru na kuikusanya juu ya utando wa nyuma ya jicho, uitwao retina. Basi kila kitu chenye kivuli hakina nafasi mle. Mtoto angali tumboni mwa mama, mishipa midogo huizunguka lenzi na kuilisha. Lakini mbele ya kuzaliwa mishipa hiyo hunyauka na kutoweka. Tangu hapo lenzi yakaa peke yake katikati ya maji ya jicho.

Wengi hufikiri kwamba ni kioo tu, kitu kisicho na uhai. Sivyo. Imejengwa na chembe hai, zile tuitazo pia selule, kama ulivyojengwa mwili wote. Upande wa mbele kuna tabaka moja tu la chembe fupi. Ukingoni, pale lenzi inapozunguka kama mdomo wa sahani, chembe hizo huzaa nyingine, nazo hizo mpya hurefuka na kurefuka hata kuwa nyuzi. Uzi mmoja waweza kufikia karibu sentimeta nzima. Nyuzi mpya hulala juu ya zile za zamani, tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu. Ukizikata na kuzitazama kwa mikroskopi, waona kila uzi una pande sita, umebanana na wenzake kama vyumba vya nyuki.

Tena uzi ukisha kufunikwa na wenzake, huharibu vyombo vyake vya ndani. Kiini hutoweka. Mitokondria, yaani majiko ya chembe, hutoweka pia. Yote yaliyoweza kutupa kivuli yaondoka. Yabaki maji, na protini ziitwazo kristalini, nazo ni nyingi mno, hata karibu theluthi moja ya uzito wa lenzi ni protini. Kristalini zikipangana vizuri, nuru hupita bila kizuizi. Zikishikana mafungu mafungu, nuru hutawanyika, na lenzi huonekana nyeupe sawa ya mukeke aliyepikwa. Ugonjwa huo ndio mtoto wa jicho, au katarakti. Watu wengi husema ni ngozi iliyoota juu ya jicho, na kwamba yaweza kukwanguliwa au kuchomwa kwa dawa kali. Hakuna ngozi iliyoota. Weupe uko ndani, nyuma ya mboni, katika nyuzi zenyewe. Dawa kali huharibu tu sehemu ya mbele iliyokuwa nzima.

Hapa msomaji atuvumilie kidogo, maana ndipo shida yote ilipo. Ngozi yetu hutupa chembe zake nzee kila siku. Damu hubadilisha zake baada ya miezi michache. Lenzi haitupi hata moja. Nyuzi zilizo katikati ya lenzi ya mzee wa miaka 70 zilifanyika yeye akiwa bado tumboni. Mwaka 2008 wataalamu wa Denmark walihakikisha jambo hilo kwa njia ambayo sisi hatungeifikiri. Mabomu ya atomu yaliyojaribiwa hewani kuanzia 1955 mpaka 1963 yaliongeza katika hewa ya dunia yote ile kaboni iitwayo kaboni 14. Walipima kaboni hiyo katika kristalini za lenzi za marehemu, wakaweza kukadiria mwaka kila mmoja aliozaliwa, kwa sababu kristalini zile zilikuwa hazijabadilishwa tangu utoto wake.

Angalieni sasa hali ya uzi wa katikati. Hauna kiini, basi hauwezi kufanya protini mpya kushika pahali pa zilizoharibika. Hauna mitokondria, basi hauwezi kuchoma sukari kwa oksijeni; waishi kwa kuivunja kidogo tu. Uko mbali na maji ya jicho milimeta mbili nzima, na kwa chembe hiyo ni safari ndefu. Na hivyo wadaiwa kubaki mwangavu miaka 60, 70, 80.

Unaishi kwa msaada wa majirani. Tuwaze kijiji ambacho nyumba zake zimebanana hata hakuna njia kati yake. Mwenye nyumba ya katikati hawezi kwenda kisimani. Lakini kama kila ukuta umetobolewa mlango mdogo, maji yapita toka nyumba ya pembeni mpaka ya katikati, mkono kwa mkono, na takataka zarudi nje kwa milango ile ile. Chembe za lenzi zina milango ya namna hii. Sisi tutaiita vivuko.

Jambo la chembe kupeana vitu hivi halikujulikana zamani. Zamani ilidhaniwa kila chembe imefungwa katika ngozi yake, inazungumza na nyingine kwa kupitia maji ya nje tu. Mwaka 1964 Werner Loewenstein na Yoshinobu Kanno, waliofanya kazi New York, walitia rangi inayong'aa ndani ya chembe moja ya tezi ya mate ya buu la inzi. Rangi iliingia chembe ya jirani, halafu ya pili yake, bila kumwagika nje. (Vivuko vya wadudu vimejengwa kwa protini ya namna nyingine kuliko vyetu, lakini kazi ni moja.) Mwaka 1967 Jean-Paul Revel na Morris Karnovsky, wa chuo cha Harvard, walitazama moyo na ini la panya kwa mikroskopi ya elektroni. Pahali chembe mbili zilipokaribiana sana, waliona kumebaki nafasi nyembamba mno, na ndani yake vidude vidogo vimepangwa kwa pande sita sita. Vidude hivyo ndivyo vivuko.

Kila kivuko kina nusu mbili. Chembe moja hujenga nusu yake kwa protini sita zilizosimama duara kama nguzo za kibanda, tundu likiwa katikati. Protini hiyo huitwa koneksini. Chembe ya jirani hujenga nusu ya pili. Nusu mbili zikikutana uso kwa uso, tundu la huku laungana na la kule. Chembe moja peke yake haiwezi kumaliza kivuko. Yahitaji mwenzake afanye sehemu yake. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani waligandisha vivuko vilivyotolewa katika lenzi za kondoo, wakavipiga picha kwa elektroni, na zile nguzo sita kwa sita zilionekana wazi.

Tundu hilo ni dogo, nalo huchagua. Vitu vyenye uzito wa kupita daltoni 1,000 hivi vyazuiwa. Sukari ya damu, yaani glukosi, ni daltoni 180: yapita. Chumvi zilizoyeyuka zapita. Glutationi, dawa ambayo chembe zajifanyizia zenyewe kwa kuzuia oksijeni isiharibu protini, ni daltoni 307: nayo yapita. Lakini kristalini, ambazo hata iliyo ndogo ni daltoni 20,000 hivi, haziwezi kupita pale. Hivyo jirani hupewa chakula na dawa bila kunyang'anywa mali ya nyumba.

Lenzi ya mtu yatumia koneksini za namna tatu hasa, nazo huitwa kwa hesabu ya uzito wao katika maelfu ya daltoni: 43, 46 na 50. Ya 43 yapatikana katika lile tabaka la mbele. Ya 46 na ya 50 ndizo za nyuzi. Viungo vichache tu vya mwili vina vivuko vingi sawa lenzi, na hatuoni ajabu, maana kiungo chenye mishipa ya damu kina msaada mwingine, hiki hakina.

Lakini mlango wazi hautoshi. Yafaa kuwe na kitu kinachosukuma. Mwaka 1997 Richard Mathias, James Rae na George Baldo waliandika kwamba lenzi ina mzunguko wake, ingawa haina moyo. Chumvi ya sodiamu, wasema, huingia upande wa mbele na upande wa nyuma, ikipita katika nafasi nyembamba zilizo kati ya nyuzi, mpaka ndani kabisa. Huko huingia ndani ya nyuzi zenyewe. Halafu hurudi kwa njia ya vivuko, uzi kwa uzi, mpaka ukingoni, pale penye chembe changa zenye pampu, nazo huitupa nje. Maji hufuata chumvi, na pamoja na maji hufuata chakula. Wako wataalamu waliopinga fundisho hili, wakisema vitu vyasambaa vyenyewe tu polepole. Lakini mwaka 2011 wengine walichoma sindano nyembamba sana ndani ya nyuzi za lenzi za panya, wakapima msukumo wa maji. Katikati walikuta kama milimeta 330 za zebaki. Juu, karibu sifuri. Mkumbuke kwamba munganga akikupima damu mkononi, 120 ni kitu cha kawaida. Msukumo mkubwa kama huo, ukishuka toka katikati hata pembeni, ndio unaotazamiwa kama kweli maji yalazimishwa kupita katika vivuko vyembamba. Sisi twaona hoja hii ni nzito.

Lakini aonaye kivuko si lazima ajue kina faida gani. Faida yaonekana kikiziba. Mwaka 1997 wataalamu waliwazalisha panya wasio na koneksini 46. Walizaliwa na lenzi safi. Baada ya majuma machache, katikati ya lenzi kukaingia wingu. Mwaka 1998 wengine walizalisha panya wasio na koneksini 50. Hao walipata wingu pia, tena macho yao yalikuwa madogo kuliko ya wenzao. Ndipo mwaka 2002 walipojaribu jambo la akili sana: walitoa koneksini 50, na pahali pake wakaweka ya 46. Lenzi ilibaki safi, lakini haikukua. Jicho lilikuwa bado dogo. Basi namna hizi mbili haziwezi kushikiana kazi zote. Kivuko cha namna yoyote chaweza kusaidia kulinda usafi wa lenzi. Lakini kuna neno fulani la kukua ambalo chembe hupashana kwa kivuko cha 50 tu.

Juu ya nini ukosefu wa kivuko waleta wingu? Kalsiamu ndiyo ijulikanayo zaidi. Katika lenzi nzima kalsiamu iingiayo hurudishwa nje kwa vivuko. Vivuko vya 46 visipokuwapo, kalsiamu hurundikana katikati, nayo huamsha kimeng'enya kinachokata kristalini vipande. Vipande hushikana, na nuru haipiti. Kwa wazee mambo ni mengi zaidi: jua, kisukari, tumbaku, miaka yenyewe. Lakini hata huko, wataalamu waliona kwamba kuanzia makamo glutationi huchelewa kufika katikati ya lenzi, kana kwamba njia imekuwa ngumu, na katikati hubaki bila kinga.

Tufike sasa kwa watu. Mwaka 1963, huko Uingereza, James Renwick na Sylvia Lawler walichunguza ukoo mmoja ambao wengi wao walizaliwa na vumbi jeupe ndani ya lenzi. Waliona kwamba ugonjwa ulirithiwa pamoja na alama fulani ya damu iitwayo Duffy. (Alama hiyo yatuhusu sisi: watu wengi wa Afrika ya kati hawana Duffy juu ya chembe nyekundu za damu, na mwaka 1976 ilionyeshwa kwamba ndiyo sababu namna moja ya malaria, vivax, huwashinda kwa shida.) Mwaka 1968 ilijulikana kwamba Duffy iko katika kromosomu ya 1, basi na ugonjwa ule ulikuwa karibu yake. Kilichoharibika chenyewe kilipatikana mwaka 1998, katika ukoo ule ule: ni koneksini 50. Katika mnyororo wake, pahali pa 88, asidi moja ya amino ilikuwa imebadilishwa na nyingine. Kosa moja tu, na vivuko havikufunguka.

Namna hii ya kurithi yatosha mzazi mmoja. Akiwa nayo baba au mama, kila mtoto ana nafasi moja katika mbili ya kuipata. Tena mzazi aweza kuwa na vumbi kidogo asijue, na mtoto wake akawa na wingu zito.

Tuliahidi kumtaja mtoto. Mwaka jana katekista mmoja alituletea kijana wa miaka minne, mwenye mboni nyeupe zote mbili tangu kuzaliwa. Bibi yake alisema ni laana ya upande wa mama. Mtu mwingine, ambaye angepaswa kujua zaidi, aliwaambia wazazi wangoje mtoto akomae ndipo apasuliwe. Wakangoja. Munganga alimpasua vizuri, akatoa lenzi zenye wingu na kuweka za bandia. Lakini mtoto hasomi herufi, na hatazisoma vema kamwe. Ubongo hujifunza kuona katika miezi ya kwanza ya maisha. Jicho lisipoupelekea picha wakati huo, hauwezi kujifunza vema baadaye, hata jicho likifunguliwa. Munganga aliomba kumtazama baba pia, akakuta katika lenzi zake vumbi dogo jeupe. Hakuna aliyepima koneksini za baba yule, basi hatusemi kwamba ndizo; lakini mambo ya laana ya mama yaliishia pale.

Kwa hiyo twawaomba makatekista, ninyi mnaoingia nyumba za waliojifungua mbele ya mtu mwingine yeyote: mtazameni mtoto machoni, penye nuru. Mboni iwe nyeusi. Ikiwa nyeupe au ya kijivu, msingoje mwezi wala ubatizo wa mdogo wake. Apelekwe hospitalini juma lile lile, maana wingu zito la kuzaliwa lataka kupasuliwa katika majuma ya kwanza. Si kila weupe watoka kwa urithi: mama akipata rubeole mwanzoni mwa mimba, mtoto aweza kuzaliwa hivyo. Tena mboni nyeupe yaweza kuwa kansa ya retina, nayo huua ikicheleweshwa.

Kwa mzee haraka si kali hivyo, lakini naye asikae gizani kwa kudhani hakuna dawa. Dawa ya matone ya kuondoa wingu haipo, kupasua kupo. Harold Ridley aliweka lenzi ya bandia ya kwanza katika jicho la mtu mwezi wa Novemba 1949, London, katika hospitali ya St Thomas'. Lenzi hiyo ya plastiki haina chembe, haili, haihitaji kivuko wala jirani.

Mama wa kijana yule alijifungua tena mwezi wa Agosti. Safari hii katekista alikwenda siku ya tatu, amebeba tochi. Mboni zilikuwa nyeusi zote mbili. Munganga ataka mtoto arudishwe baada ya miezi mitatu, kwa kuwa wingu la namna nyingine hukawia kuonekana, na katekista ameandika tarehe katika daftari lake.